Kabla ya Kumwita Omondi Mwizi

Ipo siku moja ninayoikumbuka, mwanangu, kila ninapoitwa ofisini kwa watu nikaambiwa, "Robi, kuna mtu ametuharibia mitambo." Huwa sijibu upesi. Huomba kiti kwanza, nikaketi, nikasikiliza. Wengi hudhani ni uzee. Si uzee, ingawa magoti nayo yana lao la kusema. Ni kwa sababu ya siku hiyo ya Migori, nilipokuwa msichana wa mwendo wa mbio, na mzee mmoja akaniambia neno ambalo nimeishi nalo mpaka leo. Nataka nikupe na wewe, kwa kuwa umeichagua kazi hii yangu, na kazi hii itakuingiza katika ugomvi wa watu kabla haijakuingiza katika waya zao.

Mimi ni mzaliwa wa Kehancha. Nilisomea kompyuta Kisumu, kisha nikapanga chumba Migori, nyuma ya duka la mbolea, nikawa natengeneza mashine za maduka, shule na zahanati. Miaka hiyo kila biashara iliyojiona imekua kidogo ilitaka seva yake ya baruapepe, yaani ile kompyuta isiyozimwa, inayokaa ofisini ikipokea na kutuma barua za wote wa hapo. Mama Achieng naye alikuwa nayo. Alikuwa mjane, mfanyabiashara wa njugu, mwenye ghala kubwa kando ya barabara iendayo mpakani. Sauti yake ilikuwa nzito, na mkono wake ulikuwa mwepesi kutoa.

Mama huyo alikuwa amefanya jambo ambalo wengi hawakuthubutu. Alipanda mpaka kwetu Kuria, akaingia nyumba kwa nyumba, akawaomba wakulima waache tumbaku wapande njugu. Tumbaku unaijua, mwanangu: inataka kuni, inataka moshi, inawatoa watoto shuleni waje wafunge majani. Watu walikuwa wameichoka. Lakini kuacha unachokijua kwa neno la mgeni, tena Mjaluo, tena mwanamke, si jambo dogo. Walimwamini kwa sababu Mzee Marwa alimwamini kwanza. Mzee Marwa alikuwa mkulima wa heshima, hana cheo chochote, ila akisimama kusema watu hunyamaza. Mama Achieng akawaahidi kwamba yupo mnunuzi wa ng'ambo aliyekubali kuchukua njugu zao. Na mazungumzo yote na mnunuzi huyo yalipita katika baruapepe, mikononi mwa karani wake aliyeitwa Omondi.

Omondi alikuwa kijana wa Sindo, huko kando ya ziwa, mpole, mwenye mke na mtoto mchanga. Kiingereza chake kilinyooka, ndiyo maana aliwekwa pale.

Njugu zikavunwa. Magunia yakajaa ghalani mpaka dari. Ndipo mnunuzi akanyamaza.

Omondi akaandika, kimya. Akaandika tena, kimya. Mvua za vuli zilikuwa zimeanza, nawe unajua njugu zikipata unyevu huota ukungu, na zikiota ukungu hazifai hata kwa kuku. Wakulima wakaanza kuja ghalani kuulizia. Mwishowe Mama Achieng akampigia simu mnunuzi mwenyewe. Akajibiwa na mama wa mapokezi, kwa adabu kabisa, kwamba wao wamejibu kila barua, tena wanashangaa kwa nini watu wa Migori hawasemi kitu. Akaomba watume tena siku ile ile. Wakasema wametuma. Akamwendea Omondi mezani: hakuna kilichoingia.

Basi hapo, mwanangu, kila mtu akapiga hesabu yake kichwani na jibu likawa moja. Barua zinatumwa. Anayezipokea ni Omondi. Omondi anasema hakuna barua. Nani basi anayezila? Wakasema amenunuliwa na mfanyabiashara mwingine wa njugu. Lisemwalo lipo, wakasema, na kama halipo laja. Ulimi hauna mfupa.

Asubuhi ile nilipoitwa, nilimkuta Mama Achieng mlangoni pa ofisi, macho mekundu.

"Nyathina," akaniambia, maana ndivyo alivyoniita, mwanangu kwa Kijaluo, "mimi sitaki hadithi. Hii seva iko sawa. Nimejiandikia barua kutoka kompyuta ya Omondi, imefika kwangu saa hiyo hiyo. Tovuti yetu inafunguka. Barua zetu zinaenda nje, hata huyo mnunuzi anakubali anazipata. Kwa hivyo ni mtu. Wewe nitafutie tu pale alipozifuta. Nataka nione kwa macho yangu."

Omondi alikuwa ndani. Alinyanyuka kwenye kiti chake bila kuambiwa, akanipa maneno ya siri ya kufungulia mashine, akafuta vumbi kwenye kibodi kwa mkono wa shati lake. Hakujitetea. Wakulima waliokuwa wamesimama ukumbini wakampisha njia kama anavyopishwa mgonjwa wa kuambukiza. Alitoka na mkoba wake, na hakuna aliyemwambia kwaheri. Nami sikumwambia.

Nikaketi nikaanza kupekua. Nilikwenda moja kwa moja kwenye pipa la barua zilizofutwa. Sikukuta kitu. Nikajiambia amelisafisha. Nikaanza kutafuta kama alikuwa na njia ya kuzielekeza barua kwingine kwa siri. Sikukuta kitu. Nikajisemea kwa sauti kwamba huyu ni mjanja kuliko nilivyodhani.

Mzee Marwa alikuwa ameketi nyuma yangu muda wote huo, kofia juu ya goti. Alikuwa amekuja kwa niaba ya wakulima wenzake. Kompyuta hakuijua hata kidogo. Aliniambia baadaye kwamba alikuwa akiogopa hata kuegemea ile meza. Lakini alikuwa ananitazama mimi, si kioo.

"Binti yangu," akasema polepole, "nikuulize kitu?"

"Uliza, mzee."

"Umekuja kutafuta ugonjwa, au umekuja kutafuta mchawi?"

Nikageuka.

"Maana nimekusikiza," akaendelea. "Kila ukikosa kitu unasema huyo kijana ni mjanja. Ukikipata utasema ni mwizi. Sasa atapona wapi? Mimi nimezika watu ambao waliitwa wachawi, na baadaye tukajua ilikuwa ni kipindupindu, maji tu. Tulirudi kuwaomba msamaha juu ya kaburi. Kaburi halijibu, binti yangu. Kama umekuja kutafuta ugonjwa, anza na mgonjwa. Kama umekuja kutafuta mchawi, hiyo kazi hata mimi naweza, haitaki kusoma."

Nami nilihisi masikio yakiwaka. Nikaitoa mikono yangu kwenye kibodi, nikaomba maji ya kunywa, nikaanza upya kama mtu ambaye hajaambiwa lolote.

Nikajiuliza: ni nini hasa kinachokufa hapa? Barua za ndani zinafika. Za kwenda nje zinafika. Zinazotoka nje kuja ndani ndizo hazifiki. Je, ni za mnunuzi peke yake? Hakuna aliyekuwa amejaribu. Nikachukua simu yangu, nikaandika barua ya maneno mawili kutoka anwani yangu mwenyewe kwenda kwa Omondi. Tukasubiri. Chai ikaletwa, ikanywewa. Barua haikufika. Wala haikunirudia na ujumbe wa kusema imekataliwa. Ilikwenda tu, kama jiwe ziwani.

Kisha nikafungua kumbukumbu za seva. Seva, mwanangu, huandika kila anayekuja kubisha mlangoni, awe amekaribishwa au amefukuzwa. Na barua hata ikifutwa, alama ya kwamba iliwahi kuingia hubaki. Nikashuka nazo, nikashuka, mpaka siku zile ambazo barua zilikuwa zikija vizuri. Toka hapo hakukuwa na hodi hata moja kutoka nje. Si ya mnunuzi, si yangu, si ya mtu yeyote duniani.

"Mama," nikasema, "Omondi hajafuta barua."

"Unajuaje?"

"Huwezi kufuta kitu ambacho hakijaingia. Hizi barua hazijawahi kufika kwa hii nyumba."

Mzee Marwa akaivaa kofia yake, akaivua tena.

Sasa sikiliza vizuri, kwa maana hapa ndipo wengi hupotea. Jina la biashara kwenye intaneti, lile tunaloliita domeni, ni jina tu. Jina halina mlango. Nyuma yake kuna maelekezo: anayetafuta tovuti aende kule, aliye na barua azilete huku. Na maelekezo hayo hayakai katika seva yako. Yanakaa kwa yule anayekutunzia jina, pengine mji mwingine kabisa. Seva yako inaweza kuwa nzima, imewaka, imekaa ikisubiri wageni, kumbe wageni wote wanaelekezwa kwa jirani. Na watu wa ndani hawatajua kamwe, kwa sababu wakiandikiana wao kwa wao barua haitoki nje ya mlango. Ndiyo maana jaribio la Mama Achieng lilimdanganya.

Nikauliza intaneti swali moja: barua za jina hili zipelekwe wapi? Jibu likaja na anwani nisiyoijua. Haikuwa ya Migori.

"Mama, kuna kitu mlibadilisha hivi karibuni?"

"Hakuna. Hatujagusa kitu."

"Hata kidogo?"

"Hakuna, nyathina. Ni tovuti tu tulitengenezewa ingine. Ile ya zamani ilikuwa mbaya. Huyu kijana wa Nairobi ametuwekea picha za wakulima, maua ya njugu, kitu smati sana."

"Lini?"

Akahesabu siku kwa vidole. Ilikuwa ni siku chache tu kabla ya kimya kuanza. Alishika ukingo wa meza akaketi.

Tukampigia yule kijana wa Nairobi. Usimwone mbaya, mwanangu. Mimi mwenyewe nilikuwa tayari nimemkasirikia, Mzee Marwa akaninyooshea kidole kimoja tu, nikatulia. Kijana akaeleza kwamba alilihamisha jina lote kwenye mitambo anayotumia yeye, ili tovuti mpya ifunguke. Maelekezo ya barua hakuyanakili, kwa hivyo mitambo ile ikajiwekea yake: barua zote zije kwake.

"Madam, mimi hakuna mtu aliniambia mko na seva yenu huko," akasema. "Mliniambia tovuti. Hebu ngoja." Tukamsikia akibofya. "Kuna kisanduku hapa ambacho sijawahi fungua. Woi! Kuna barua. Ziko nyingi sana."

Zote zilikuwa huko. Mnunuzi anajibu, mnunuzi anauliza, mnunuzi anakumbusha, mnunuzi anashangaa. Na ile yangu ya maneno mawili, juu kabisa.

Tukarudisha maelekezo ya barua yaelekee kwenye seva ya Migori. Hapo pia palihitaji moyo, maana mabadiliko ya jina hayaenei mara moja. Mtumaji yule anafika kwa njia mpya, huyu bado amekariri ile ya zamani. Mama Achieng alikuwa akiniuliza kila mara, "Imekubali?" nami namwambia, "Inakuja, Mama." Nilimwomba kijana asikifunge kile kisanduku chake kwanza, tuwe tunachungulia pande zote mbili. Kesho yake, tukiwa tunakula mahindi ya kuchoma, barua ya kwanza kutoka nje ikaingia. Ilikuwa tangazo la mtu anayeuza matairi. Mama Achieng alilishangilia kama mjukuu.

Ningependa kukwambia kwamba kila kitu kilinyooka, lakini sitakudanganya. Maji yakimwagika hayazoleki. Mnunuzi alikuwa amechoka kusubiri, akajaza meli yake kwa njugu za watu wengine. Alisikitika alipoelezwa, akakubali kuchukua sehemu ya magunia katika safari iliyofuata. Mengine yaliuzwa sokoni Migori na Kisii kwa bei ya kuuma meno. Machache yaliota ukungu yakatupwa. Wako wakulima waliorudi kwenye tumbaku msimu ule, na Mama Achieng hakuwalaumu. Waliobaki walibaki kwa sababu aliitisha mkutano pale ghalani, akawaeleza yote, mwanzo mpaka mwisho, bila kujipunguzia lawama. Hilo alisukumwa na Mzee Marwa kulifanya. Alimwambia, "Mama, neno baya mlilisema ukumbini mbele za watu. Hilo zuri msilinong'oneze ofisini."

Lakini Omondi hakuwepo kulisikia. Asiyekuwepo na lake halipo. Alikuwa amebeba mke na mtoto akarudi kwao Sindo.

Mama Achieng akasema tutamfuata. Alitaka niende naye, ili kama Omondi ana swali la kompyuta nimjibu. Nadhani aliogopa kwenda peke yake. Tukapita Homa Bay, tukashika njia ya ziwani, na safari nzima alikuwa akijaribu maneno kwa sauti ya chini, kama mtoto anayekariri shairi.

Tulimkuta akimpimia samaki kaka yake, shati limelowa mpaka kwapani. Alitusalimu vizuri. Mama Achieng akamweleza: tovuti, jina, barua zilizokwenda pengine. Akamwambia, "Omondi, nilikukosea. Nimekuja kukuomba msamaha, na kiti chako kiko pale pale."

Omondi akaosha mikono bila haraka. Akasema, "Asante, Mama. Kazi ni sawa, kazi mtu atapata. Lakini tangu nirudi, mama yangu hajaenda kanisani. Anaogopa kuulizwa ni kwa nini nilirudi. Mimi sikusema kitu, lakini habari ilifika hapa kabla yangu. Usiniambie mimi. Mimi najua sikuiba. Mwambie yeye."

Basi tukaenda nyumbani kwao. Mama yake alikuwa mwembamba, amefunga leso kichwani, anachambua dagaa wa omena kwenye ungo. Alitukaribisha tukaingia, akatupa viti vizuri vya nyumba yake. Mama Achieng hakukikalia chake. Alisimama mbele ya yule mama akasema kwa lugha yao, "Wuodi ok en jakuo." Kijaluo changu kilikuwa cha sokoni tu, lakini hilo nililielewa: mwanao si mwizi.

Mama wa Omondi hakulia wala hakucheka. Aliuweka ungo chini, akamshika Mama Achieng mkono, akamwongoza mpaka nje, mlangoni, mahali ambapo njia ya kisimani inapita na majirani walikuwa wakipita na ndoo zao.

"Sema tena," akamwambia. "Semea hapa."

Na Mama Achieng, yule mwanamke wa sauti nzito aliyeogopwa na madereva wa malori, akavuta pumzi, akasema tena kwa sauti ambayo ilifika mpaka kwenye maji. Mwanao si mwizi. Mimi ndiye niliyemwita mwizi, na nilikosea. Wanawake wa ndoo wakasimama. Mmoja akaitua yake akaanza kupiga makofi taratibu. Omondi alikuwa amesimama kando ya ukuta, na ni hapo tu ndipo nilipomwona akijifunika uso.

Alirudi kazini, ndiyo. Lakini hakurudi siku ile. Alisema Jumapili ipite kwanza, ampeleke mama yake kanisani.

Mwanangu, mimi nimefanya kazi hii mpaka nywele zimebadilika rangi, na mambo ya mitambo utanipita, tena nataka unipite. Haya machache yashike. Kitu kikinyamaza, usiseme upesi kwamba kuna mtu amekinyamazisha. Uliza kwanza ni kipi kinachofika na kipi kisichofika, tena jaribu kutoka nje, si kutoka ndani peke yake, kwa sababu nyumba hujisifu ikijiangalia yenyewe. Uliza nini kilibadilishwa, na ukiambiwa "hakuna," uliza tena kwa upole, maana watu hawadanganyi, wamesahau tu kwamba kitu kidogo nacho ni kitu. Jina la biashara ya mtu lisikae mikononi mwa mwingine bila mwenyewe kujua maelekezo yake yakoje. Yaandikwe na yatunzwe siku ya kuhama. Na mabadiliko ukishayafanya, yape muda yaenee. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na anayeinama hawezi kukimbia.

Lakini lililo kubwa kuliko hayo ni hili. Utaitwa mara nyingi uje umtafute mkosaji, na watakuwa wameshamchagua kabla hujafika. Wewe tafuta ugonjwa. Seva ikiharibika utaiwasha upya, lakini jina la mtu halina kitufe cha kuwashia. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Na ikiwa neno baya limeshatoka, basi nenda ulirudishe mahali lilipofika, hata kama ni mbali, hata kama ni mlangoni kwa mama wa mtu, mbele ya majirani wenye ndoo.

Sasa nenda mwanangu, kazi inakungoja. Mungu akupe macho ya kuona kabla ya kusema, na masikio yanayosikia hata yule ambaye hajitetei. Kila nyumba utakayoingia ikiwa na ugomvi, uiache ikiwa na amani. Mikono yako iponye, jina lako liwe safi midomoni mwa watu, na mama yako atembee kwenda kanisani kichwa juu, siku zote za maisha yake.